Antena ya muda nje ya nyumba: utajuaje kama inasaidia kweli?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni binti wa Likoni, upande wa Shelly Beach, nakaa ghorofa ya pili. Marehemu baba alikuwa baharia, akaniachia skana yake ndogo ya mkononi, ile redio ya kupokea tu inayopekua masafa. Jioni nasikiliza meli na ndege. Kwa kile kiantena chake cha mpira nawasikia marubani vizuri, lakini mnara wa kuongozea ndege siusikii kabisa, na meli zinakwaruza. Juzi nilichukua waya wa umeme kama mita sita, nikauchomeka kwenye tundu la antena, nikautoa dirishani na kuupitisha kwenye kamba ya kuanikia nguo. Vijistari vya nguvu kwenye kioo vikajaa vyote, nikafurahi. Lakini sauti zikawa mbaya kuliko mwanzo, na kwenye masafa ya ndege nikawa nasikia muziki. Mwenye nyumba hataki nitoboe ukuta. Nataka kujaribu antena ya muda kabla sijaenda kumwomba ruhusa ya kuweka ya kudumu. Nitajuaje kama inanisaidia au inanidanganya?

Jibu: Marahaba mwanangu. Mungu amrehemu baba, na hiyo skana itunze.

Nianze na ule muziki, maana jibu lako limo humo. Stesheni za FM hurusha kati ya 87.5 na 108 MHz. Ndege huzungumza kuanzia 118 hadi 137 MHz, yaani mlango wa pili tu. Stesheni ya mjini hurusha kwa wati elfu na zaidi, rubani hana zaidi ya wati kadhaa. Skana ndogo imeundwa iishi na kiantena kifupi, nawe ukaichomekea mita sita za waya. Stesheni zote za Mombasa ziliingia kwa pamoja, sehemu ya mbele ya skana ikalemewa, na mawimbi yakaanza kugongana mle ndani na kuzaa masafa ambayo hakuna mtu anayeyarusha. Tuseme kuna stesheni mbili, moja kwenye 107 na nyingine kwenye 90. Mara mbili ya 107 ukitoa 90 unapata 124, katikati kabisa ya masafa ya ndege. Huo muziki umetengenezwa na skana yako yenyewe. Angani haumo.

Na vile vijistari vilivyojaa? Nimewaona mafundi wazima wakivitazama kana kwamba ni hukumu. Mvuvi akiweka kapu la samaki na barafu kwenye mizani, mizani inajumlisha vyote. Kioo cha skana ni vivyo hivyo: kelele ya chaja ya simu, mabaki ya stesheni ya FM na sauti ya nahodha, vyote vinahesabiwa nguvu. Kwa hiyo kuanzia leo usijiulize vijistari vimefika wapi. Jiulize sauti ya mtu imejitenga kiasi gani na mkwaruzo ulio nyuma yake. Antena ikiongeza sauti mara mbili na kelele mara nne, imekurudisha nyuma.

Waya wako ulikuwa na kasoro nyingine mbili. Ulilala chali kwenye kamba, ilhali ndege na meli hurusha mawimbi yaliyosimama wima. Antena iliyolala ikijaribu kuyashika mawimbi ya wima hupoteza nguvu nyingi sana. Kwa hesabu za vitabuni ni desibeli 20 au zaidi, yaani unabaki na sehemu moja ya mia, ingawa mawimbi yakishagonga kuta na mabati hasara hupungua kidogo. Pili, ulipita dirishani wazi kabisa, karibu na nyaya za umeme za ukutani, taa na chaja. Waya usio na ngozi ya kinga hunasa uchafu huo wote njiani kabla haujafika nje.

Sasa tutengeneze antena ya kujaribia, rahisi na ya kueleweka, ili likitokea tatizo tujue halitokani na antena.

Nenda duka la vifaa vya umeme ununue waya wa dishi la televisheni, ule mnene kidogo unaoitwa RG-6, mita kumi tu. Wengine watakwambia lazima ununue waya wa redio wa omu 50 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), kwa kuwa skana nyingi zimeundwa kwa omu 50 na wa dishi ni wa omu 75. Kwa kupokea tu, tofauti hiyo inakugharimu chini ya robo ya desibeli, na sikio la binadamu haliisikii. Waya mwembamba wa redio aina ya RG-58 unapoteza karibu desibeli 2 kwa mita kumi kwenye masafa ya meli, ilhali wa dishi haufiki hata 1. Chukua wa dishi, pamoja na kichwa cha kuugeuza uingie kwenye tundu la antena la skana, lile la duara linaloitwa BNC.

Mikono ya antena iwe vipande viwili vya waya wa shaba wa mafundi umeme, ule mgumu wa milimita 1.5. Urefu wa kila mkono kwa mita ni 71.5 ukigawanya kwa masafa ya MHz. Kwa ndege pekee, ukikata kwa 127, ni sentimita 56. Kwa meli pekee, chaneli 16 ambayo meli huitania iko 156.8, ni sentimita 46 kasoro kidogo. Wewe unataka vyote, kwa hiyo kata kwa 140: sentimita 51 kila mkono. Haitakuwa bora kabisa kwa yeyote, lakini kwa kupokea inatosha sana.

Tafuta fito kavu ya mkoko au mwanzi mkavu, mita mbili hivi. Katikati yake funga konekta ndogo ya plastiki, ile ya skrubu mbili mbili. Menya waya wa dishi sentimita tatu. Ndani utakuta unyuzi mmoja wa katikati, na kuuzunguka nyuzi nyembamba kama nywele zilizosukwa. Nyuzi hizo zikusanye upande mmoja, zisokote, na hakikisha hakuna hata mmoja unaougusa wa katikati. Unyuzi mmoja uliopotea njia unatosha kuiua antena, na utaitafuta hitilafu siku nzima. Wa katikati uuingize pamoja na mkono unaoelekea juu, msokoto pamoja na mkono unaoelekea chini. Usihangaike na risasi ya kulehemu, kwa sababu nyuzi za waya wa dishi mara nyingi ni alumini na hazishiki. Skrubu inatosha kwa jaribio.

Kisha jambo ambalo wengi hulisahau: waya wa dishi usiuteremshe sambamba na mkono wa chini. Uvute pembeni, kwa usawa, nusu mita au zaidi, ndipo uuache uning'inie. Kabla haujaingia ndani, uzungushe mara tano au sita kama kamba iliyokunjwa duara, upana wa kiganja, ufunge. Hapo unaizuia ngozi ya waya isigeuke kuwa antena ya tatu inayokuletea kelele za nyumbani. Fito yenyewe ifunge kwenye nguzo ya baraza kwa kamba ya usumba, mikono ya shaba ikiwa wima na mbali na chuma chochote kwa kadiri unavyoweza. Vyuma vya baraza vikiwa sentimita 20 kutoka kwenye antena, unajaribu vyuma, hujaribu antena.

Na kabla hujainua chochote, tazama juu. Fito ikianguka upande wowote, isiweze kuufikia waya wa umeme. Sisemi isiuguse tu ikiwa imesimama. Nasema hata ikianguka. Kama baraza lako liko karibu na nguzo ya umeme, acha upande huo kabisa, hata kama ndio wenye bahari. Na siku mawingu ya masika yanapojikusanya, ichomoe kwenye skana na uiteremshe mapema, kabla hujasikia ngurumo.

Sasa jaribio lenyewe.

Kosa la kwanza ambalo ungelifanya, na si kosa la mjinga, ni kulinganisha kiantena cha mpira kilichoko chumbani na antena mpya iliyoko nje. Hapo umebadilisha vitu viwili mara moja, antena na mahali. Kwa hiyo anza bila antena mpya. Toka na skana barazani, kiantena chake kile kile, ukitumia betri. Simama upande wa bahari, kisha nenda upande wa pili wa nyumba unaotazama Kilindini na uwanja wa ndege. Sikiliza nusu saa kila mahali. Inawezekana kabisa mnara utaanza kuusikia kwa kutoka nje tu. Rubani unamsikia ndani kwa sababu yuko juu na anaiona nyumba yako kutoka mbali. Mnara uko chini, ng'ambo ya maji upande wa Port Reitz, na kati yenu kuna nondo, mabati na kuta za watu. Ndiyo maana mnara ni kipimo kizuri kuliko ndege: ndege iliyo mita 10,000 angani inaweza kukufikia kutoka kilomita 400, hata kwa antena mbovu. Usijisifu nayo.

Kimo nacho kina hesabu yake. Umbali ambao mawimbi haya hufika, kwa kilomita, ni takriban mara 4.12 ya kipeuo cha pili cha kimo chako kwa mita, ukijumlisha na cha mwenzako. Antena ikiwa mita 4 juu ya bahari na ya meli iko mita 25, mnaonana kilomita 29 hivi. Ukipanda hadi mita 9 unapata 33. Kwa hiyo ukilipia mlingoti mrefu ili tu uongeze upeo wa macho, unanunua kilomita nne. Faida kubwa ya kupanda ni kuyapita mabati ya jirani, na hilo huenda ukalipata kwa kuhamisha fito mita tatu pembeni bila kupanda hata kidogo.

Jaribio la pili ni la kelele. Chagua masafa matupu kati ya 118 na 137, fungua skwelchi, kile kidhibiti kinachonyamazisha skana pasipo na mtu anayezungumza, hadi usikie mkoromo, halafu chomoa antena na uirudishe mara kadhaa. Masafa ya ndege hutumia namna ya kurusha sauti iitwayo AM, na AM haifichi kelele kama FM, ndiyo maana tunapimia huko. Mkoromo ukipanda kidogo ukichomeka antena, ni sawa, hiyo ni kelele ya dunia. Ukipanda sana, na ukasikia mvumo kama nyuki au mlio unaopanda na kushuka, adui yuko nyumbani. Zima swichi kuu ya umeme usikilize kwa betri. Kama mkoromo umekufa, washa kitu kimoja kimoja: taa za LED, chaja, kisimbuzi cha televisheni, inveta ya sola kama unayo. Umeme ukikatika mtaa mzima, usilalamike jioni hiyo. Kimbilia skana, maana hapo ndipo utakaposikia jinsi antena yako ingekuwa bila majirani, na uandike ulichosikia.

La tatu ni kuhakikisha stesheni za FM hazikulemei tena. Skana nyingi zina kitufe kilichoandikwa ATT, kinachopunguza mawimbi yanayoingia, mara nyingi kwa desibeli 20 hivi. Ukikibonyeza, sauti ya kweli inafifia kwa kiasi hicho. Lakini mzuka uliozaliwa kwa stesheni kugongana huanguka mara mbili au mara tatu ya hapo, kwa hiyo unatoweka ghafla. Kama ukibonyeza ATT muziki unakufa na rubani anasikika vizuri zaidi, usiilaumu antena wala usinunue kubwa zaidi. Unachohitaji ni kichujio kidogo cha kuzuia masafa ya FM, kinachochomekwa kati ya waya na skana. Mjini penye stesheni nyingi, kifaa hicho kidogo huleta tofauti kuliko mita tatu za mlingoti.

Jaribio la nne ndilo nilipendalo kuliko yote, na wewe wa Likoni una bahati nalo. Meli kubwa hazinyamazi. Zina mtambo uitwao AIS, unaotangaza jina, mahali na mwendo wa meli kwa milio mifupi ya kidijitali kwenye 161.975 na 162.025 MHz. Hutasikia maneno, utasikia "tsk" fupi kama mtu anayepasua kijiti kikavu. Meli inayotembea hutuma kila sekunde 2 hadi 10 kulingana na kasi yake. Iliyotia nanga hutuma kila dakika 3, na kwa kuwa hubadilishana masafa hayo mawili, kwenye moja utaisikia kila dakika 6 hivi. Nguvu yake ni ile ile usiku na mchana. Hakuna mzungumzaji wa kukusubirisha, hakuna nahodha mwenye sauti ndogo na mwenzake mwenye sauti kubwa.

Weka skana 161.975, kaza skwelchi hadi mkoromo ukatike tu, usizidishe. Hesabu milio kwa robo saa ukitumia kiantena cha mpira ukiwa barazani. Chomeka fito, rekebisha skwelchi upya kwa sababu kelele imebadilika, hesabu robo saa nyingine. Kisha rudia: mpira, fito, mpira, fito. Kurudia huko si urasimu. Meli zinaingia na kutoka, na kama ulihesabu mpira saa kumi na fito saa kumi na mbili, huenda umepima ratiba ya bandari tu.

Andika yote. Daftari la shule linatosha: tarehe, saa, antena ipi, ilikuwa wapi, milio mingapi, mnara umesikika au la, na katika mazungumzo ya meli umesikia pande zote mbili au mmoja. Hilo la mwisho lizingatie sana. Chaneli 16 ni ya kuitana na ya dharura, kwa hiyo huko utasikia maneno mawili matatu kisha wanahamia chaneli nyingine. Wafuate huko. Ukisikia mmoja anauliza na hujui amejibiwa nini, antena yako bado inakosa nusu ya bahari.

Fanya hivyo siku saba au kumi, na badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Nina sababu ya kukukazania siku. Miaka ya nyuma nilipokuwa natengeneza redio za mashua, nilijaribu antena mpya jioni moja iliyotulia, bahari kama kioo. Nilisikia meli za mbali ambazo sikuwahi kuzisikia kabla. Nikamwambia mwenye kazi tuifunge, tukaifunga kwa saruji na boliti. Kesho yake ikawa ya kawaida kabisa, na wiki yote ile ikawa hivyo. Hewa yenye joto na ukavu ikilala juu ya hewa nyevu ya baharini hupinda mawimbi na kuyapeleka mbali sana, kwa saa chache au usiku mmoja. Nililipa gharama ya kuing'oa, nami sitaki wewe ulipe.

Majirani waambie mapema. Fito yenye waya barazani huzua maneno, na mtu aliyeambiwa "nasikiliza meli" mchana hatakuwa na shaka usiku. Na kabla hujaomba ruhusa ya kudumu, nenda ofisi ya Mamlaka ya Mawasiliano uulize kwa maandishi ni nini unaruhusiwa kusikiliza na kama skana yenyewe inahitaji kibali. Kanuni za kimataifa za redio zinalinda siri ya mazungumzo yasiyokusudiwa umma, kwa hiyo unachokisikia usikirekodi na kukisambaza kwenye simu, hata kama ni habari motomoto. Polisi na walinzi waruke kabisa.

Sasa matokeo. Kama fito imekupa milio mingi kwa wazi kila siku, mnara unasikika na mkoromo haukupanda sana, mpelekee mwenye nyumba lile daftari, na umwambie antena inaweza kufungwa kwenye nguzo ya baraza kwa vibano bila kutoboa chochote. Kama imeongeza kidogo tu, ihamishie kona nyingine ujaribu tena kabla ya kuongeza urefu. Na kama mpira ukiwa barazani unakaribiana na fito, basi shida yako ilikuwa kuta. Unaweza kuendelea kukaa nje jioni na skana ya baba mapajani, bila kununua kitu.

Jambo moja la pwani ambalo vitabu vya bara havilisemi vya kutosha: chumvi. Kila jioni ukiiteremsha fito, ifunike ile konekta kwa mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira, mdomo ukitazama chini. Baada ya siku kumi ifungue. Ukiona shaba ina ukungu wa kijani, au nyuzi za alumini zimegeuka unga mweupe, kata sentimita tano na utazame tena, endelea kukata hadi ufike penye kung'aa, ndipo ufunge upya kabla ya kuhesabu milio ya siku inayofuata.